Kola ya Flora Iko Likasi

Papa Mireille, mume wangu,

Nakuandikia nikiwa jikoni, kwenye meza ile ile uliyokuwa ukipakia mafuta ngozi kila Jumapili baada ya misa. Doa bado lipo. Nimelisugua kwa sabuni, nimelisugua kwa limau, mwishowe nikaweka sahani juu yake ili nisilione. Leo nimeiondoa sahani, maana nina jambo zito la kukuambia na sitaki kulizunguka.

Barua hii naiacha wazi, aisome anayetaka, kwa sababu miaka kumi na mmoja tuliificha kazi yako na huko kuficha ndiko kulikotufikisha hapa. Basi wajue wote. Mume wangu hakuwa mtu wa ofisini. Alikuwa akiburuta magogo katika msitu wa Soignes, hapo pembeni mwa jiji, pamoja na farasi jike wa kilo mia nane aitwaye Flora. Kazi hiyo bado ipo, ingawa wenzetu wengi wa Brussels wanapanda tramu kila siku bila kuijua. Pale ardhi ilipo laini, mashine kubwa ikipita inaushindilia udongo mpaka mizizi inakosa hewa, kwa hiyo wanaita farasi. Farasi anapita katikati ya miti michanga bila kuichubua, anaburuta gogo mpaka barabarani, anarudi kuchukua lingine.

Unakumbuka siku uliyonipeleka kumwona mara ya kwanza? Uliniambia tunakwenda kusalimia mtu, nami nikavaa viatu vya kanisani. Tuliposhuka kwenye treni pale Groenendaal matope yakanipanda mpaka vifundoni, nikanuna njia nzima. Kumbe mtu mwenyewe alikuwa na makalio mapana kuliko mlango wa jiko letu. Ukanisogeza mbele yake kama unayenitambulisha kwa mkwe. "Maman Flora," ukasema, "huyu ni bibi yangu. Maman Mireille, huyu njo Maman Flora. Musalimiane." Akanipumulia usoni, pumzi ya moto yenye harufu ya nyasi zilizotafunwa, nikapiga hatua tatu nyuma.

Nilikuambia sikuvuka bahari kuja kuwekewa mke mwenza, tena mwenye kwato. Ulicheka mpaka ukaegemea ukuta. Tangu siku hiyo ukawa unajisifu kwa Papa Gust, yule mzee Mflamandi mwenye banda la farasi, kwamba wewe una wake wawili, mmoja wa miguu miwili na mmoja wa miguu minne, na kwamba wa miguu minne hakuulizi ulikuwa wapi. Papa Gust hakuwa mtu wa kucheka, lakini kwa hilo alikuwa akitabasamu upande mmoja wa mdomo.

Ni yeye aliyekutoa kwenye ndoo na brashi. Wakati huo ulikuwa unasafisha maghorofa ya vioo karibu na Gare du Nord, na Papa Gust alikuwa anatafuta mtu mwenye mgongo mzima na asiye na haraka. Wewe haraka hukuwahi kuwa nayo, hata siku ya harusi yetu ulichelewa. Ulipokwenda kujaribu kazi ulirudi umeloa mpaka kwenye mfupa na uso wako uling'aa. Sikuwa nimeuona uso ule tangu Lubumbashi.

Lakini kwa mama yako huko Likasi, Kongo, uliendelea kuwa mtu wa bureau, wa ofisini. Ile picha uliyopiga mbele ya ghorofa la vioo, umevaa tai ya kuazima, aliitundika sebuleni karibu na picha ya Moyo Mtakatifu wa Yesu. Nilikuuliza mara ngapi kwa nini humwambii. "Maman aliuzisha mashini yake ya kushona juu miye nisome," ulinijibu. "Alors, leo nimuambie niko nyuma ya matako ya farasi? Nitamuambia siku moja." Nikakuacha. Nilidhani siku zipo tele.

Kosa langu linahusu kola, kwa hiyo nieleze kwanza kola ni nini, kwa sababu mimi mwenyewe niliichezea bila kuijua.

Ulinifundisha vyombo vyote, nami nilisikiliza kwa sikio moja huku nakaanga samaki. Hatamu yenyewe ni kamba moja tu, ndefu, unayoishika kwa mkono mmoja: ukiivuta taratibu farasi anakwenda kushoto, ukiitikisatikisa anakwenda kulia, na mengine yote unamwambia kwa mdomo. Nyuma yake kuna palonnier, ule mti mfupi wenye vyuma unaoshika minyororo isikwaruze miguu. Kuna mnyororo wa kunasia gogo, na ndoano ya mpini mrefu ya kuligeuza gogo likikwama. Ndoano hiyo ndiyo iliyokuwa ikikumaliza mabega. Kila ulipompigia mama yako ulimlalamikia mabega, na kila ulipokata simu mimi nilikuchua kwa mafuta ya kambari. Kambari ni kafuri, nimeandika vile unavyosema wewe.

Na juu ya vyote kuna kola, ambayo wewe uliiita collier. Duara kubwa la ngozi nyeusi lililojazwa mabua ya nafaka, na pembeni yake mbao mbili zilizopinda zenye vishikizo vya shaba. Uzito wote wa gogo unapita hapo. Fundi mzee wa upande wa Namur alikuja kumpima Flora shingo mara tatu, akaishona kwa mkono, na kwa miaka yote ile mabua yakajilaza kufuata mabega ya Flora mpaka kola ikashika umbo lake. Fundi yule amekwisha kufa. Bandani kuna unyevu, ngozi ingeoza, kwa hiyo kila Jumamosi uliirudisha nyumbani ili ikauke kwenye kave, yaani ghala letu la chini, na Jumapili uipake mafuta.

Uliileta ukiwa umeivaa shingoni. Nasema tena, shingoni, kwa sababu hapo ndipo shida yote ilipo. Mikono yako ilikuwa imebeba minyororo, basi kola uliipitisha kichwani ukaiweka mabegani na kupanda nayo basi, watu wanakutazama, nawe unawasalimia. Siku moja nilikuwa nakungoja kituoni. Uliposhuka ukanyoosha shingo, ukatikisa kichwa kama Flora, nikakupiga picha kwa simu huku nacheka mpaka machozi. Hiyo ndiyo picha niliyoipenda kuliko zote.

"Hii collier ni ya Flora tu," uliniambia mara mia. "Ukimuvalisha farasi mwingine, itamukula. Na ya mwingine itamukula Flora." Niliona unajivuna tu, jinsi wanaume wanavyojivuna na gari. Ukaniambia na ile habari nyingine, kwamba wewe humvalishi Flora, anajivalisha mwenyewe. Nilikuja kuiona kwa macho yangu. Ulisimama mbele yake na kola mikononi, juu chini, ukainua mikono miwili, hukusema neno. Flora akainamisha kichwa kile kikubwa, akakiingiza katikati ya mikono yako, akasukuma mpaka kola ikafika mahali pake. Siku ile niliona wivu wa kweli, na sikukuambia.

Asubuhi moja ya mwezi wa kumi ulikaa kwenye kiti cha mlangoni kuvaa buti. Ulivaa moja. Nilikuita mara mbili nikitoka bafuni, na moyo wako ulikuwa umekwisha kusimama. Hukuumwa, hukuaga, na simu yako ilikuwa ikilia mfukoni kwa sababu Papa Gust alikuwa anashangaa umekawia. Sijui nikulaumu kwa lipi. Nilikuvua lile buti moja kabla ya kumpigia mtu yeyote, sitaki kujua kwa nini.

Kukupeleka Likasi kulishindikana, na mama yako hakupata ruhusa ya kuja. Tulikuzika hapa, mvua inanyesha, na binti yetu Mireille alifika kutoka Liège akasimama kando yangu bila mwavuli. Mama yako alifuata mazishi kwenye simu ya mpwa wako, na mtandao ulikatika kabla ya udongo. Nilifikiri hilo ndilo baya kuliko yote.

Kisha ikafika siku ya kumaliza kilio. Ukumbi mdogo nyuma ya Gare du Midi, wali, kuku, sombe ya majani ya muhogo, wamama wa kanisa, na ndugu zako wote wamekaa upande mmoja na kaka yako mkubwa, Yaya Célestin, katikati. Unajua desturi: vitu vya marehemu vinafunguliwa mbele ya watu na kugawiwa, kila mmoja apate alichovaa ndugu yake. Yaya Célestin akafungua sanduku lako. Mashati matatu. Suruali mbili zilizochakaa magoti. Suti yako ya pekee ilikuwa imekwenda nawe. Mkongo aliyeishi Brussels miaka ishirini, na sanduku halikujaa hata nusu.

Tantine mmoja, shangazi wa upande wako, akasema taratibu, "Ni hivi tu?" Na mwingine, "Kumbe bureau yenyewe ilikuwa ya aina gani?"

Aibu iliniwasha uso. Sikuona haya kwa ajili yangu, niliona haya kwa ajili yako. Nilijua wataondoka pale na kusema hukuwa mtu. Nikamchukua Yaya Célestin, tukaenda nyumbani na gari lake, tukashuka kwenye kave, tukapandisha kila kitu. Tulipoingia ukumbini na ile kola, shaba zinawaka, ngozi inang'aa kwa mafuta yako, pamoja na minyororo na palonnier, watu walisimama. "Eeh, hii ni kintu," walisema. Mzee mmoja aliigusa kwa kiganja chote. Nilisema tu kwamba ni vyombo vya kazi yako. Sikuwaeleza zaidi, kwa sababu ningeeleza ningelazimika kuanzia kwenye ile picha ya tai.

Yaya Célestin akatamka mbele ya wote kwamba kitu kizito namna hii hakigawiwi kwa vijana, kinakwenda kwa maman huko Likasi, kwa sababu mwili haukwenda. Yeye akachukua palonnier. Wote wakapiga makofi mara tatu. Mimi nilipiga makofi kuliko wote. Nilijisikia nimekuokoa.

Kulikuwa na jirani anayesafiri wiki ile. Tukafunga kola na minyororo kwenye ule mfuko mkubwa wa mistari, na juu yake nikaweka ile picha ya kituoni, kwa sababu unacheka, na nilitaka mama yako akuone ukicheka.

Papa Gust hakuwa ukumbini. Alikuja mazishini na kofia mkononi, akaondoka. Mwezi wa kwanza akanipigia. Unajua Kifaransa chake, kila neno linatoka limebeba mzigo. Alisema nyonga yake haimbebi tena, watoto wake wamempatia chumba kwenye nyumba ya wazee, na malisho aliyokodi yanarudi kwa mwenyewe mwezi wa nne. Lakini kuna msichana, Annelies, anayefanya kazi hiyo hiyo na farasi wawili, mmoja amezeeka. Yuko tayari kumchukua Flora akimwona anafanya kazi. Kuna kipande cha miti msituni ambacho lazima kimalizike kabla ndege hawajaanza kujenga viota, baada ya hapo msitu unafungwa. Flora akikimaliza, anakwenda kwa Annelies. Asipoweza, atakuja mchuuzi wa farasi. Wewe na mimi tunajua wachuuzi hawanunui farasi wa miaka kumi na mitano ili wampe maua; wanampeleka machinjioni.

"Kola iko kwenu, Madame, sivyo?" aliuliza. "Iko kwenye kave?"

Nilimjibu nitaileta. Papa Mireille, nilikuwa nimeshika simu kwa mikono miwili.

Sikuileta, na Annelies akaanza na kola zake. Alijaribu tatu. Akajaribu na ule mkanda wa kifuani unaovaliwa badala ya kola, lakini kwa magogo mazito unambana pumzi, Flora akasimama akakataa. Akarudia ile kola iliyokaribia kumtosha. Siku ya nne nilikwenda. Begani kwa Flora ngozi ilikuwa imetoka, nyama nyekundu, pana kama kiganja changu. Annelies alikuwa ametupa kamba chini na anamwosha kwa maji ya chumvi. Alisema hawezi kuendelea, itakuwa ni kumtesa. Flora aliponiona alinusa koti langu, ambalo ni koti lako, akanusa mkono wa kushoto, akanusa wa kulia, akatazama nyuma yangu.

Hapo ndipo nilipokusikia. Itamukula, ulisema.

Nikamwambia Papa Gust ukweli. Nilidhani atanifokea. Alikaa juu ya ndoo, akauliza Likasi ni mbali kiasi gani, nikamwambia. Akauliza kama inaweza kurudi. Nikasema nitapiga simu.

Kwanza nilikwenda kwa Yaya Célestin, nione kama kuna njia. Palonnier ameipigilia misumari ukutani kwake, ametundikia makoti. Niliposema ninataka kuiomba, aliyashusha makoti mwenyewe moja moja, akaing'oa ukutani na kunikabidhi. "Lakini ile ingine," alisema, "miye siwezi kumuuliza maman. Jaribu weye."

Nilimpigia mama yako mchana wa Jumamosi. Nilikaa hapa, kwenye meza hii.

"Maman, nakusumbua. Ile mzigo tulituma. Ile collier. Iko wapi?"

"Tuliizika."

Nilifikiri laini ni mbaya. Nikarudia swali.

"Tuliizika, mutoto. Sasa tungefanya nini nayo? Mwili hamukuleta, mulituma ile. Fundi alichonga sanduku, padiri aliomba, tukaizika pembeni ya baba yake. Hata musalaba iko, na jina yake."

"Maman, ilikuwa kintu ya kazi. Ni ya farasi."

"Najua ni ya nyama, ya munyama. Nilitia mukono ndani, nikakuta manyoya, nikasikia harufu. Njo ile inaniumizaka. Kintu ya nyama, na minyororo, banamuvalisha mutoto wangu kwa shingo."

"Apana, Maman. Farasi njo alikuwa anaivaa. Yeye alikuwaka nyuma."

"Na ile picha?" alisema. "Si kichwa yake iko ndani? Anacheka. Mutoto wangu alikuwa anacheka juu miye nisihuzunike."

Akaendelea, sauti yake ya chini, bila hasira. "Aliniambiaka iko kwa bureau. Na kila mara mabega inamuuma, mabega inamuuma. Muntu wa bureau anauma mabega juu ya nini? Miaka yote nilijiuliza. Ile siku tulifungua mufuko, nikapata jibu. Baba yangu, wakati ya bukoloni, banamutiaka munyororo kwa shingo, shiye batoto tunaangalia. Nilifikiri ile ilikwishaka."

Nilimweleza yote, Papa Mireille. Nilimweleza Papa Gust, nikamweleza msitu, nikamweleza Flora na jinsi unavyomsalimia, jinsi unavyomnunulia karoti kabla hujaninunulia mimi mkate. Nilisema wewe hukufungwa na mtu, ulikuwa unafurahi, hukuwahi kufurahi namna ile mahali pengine popote. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha nikafika pale nilipoogopa kufika. Nilisema farasi ameumia bega, na hana kola nyingine, na kama ingewezekana kuitoa.

"Nifungue kaburi ya mutoto wangu," alisema, "juu ya farasi?"

Nilimwomba msamaha.

"Ulale muzuri, mwana," akasema, na Likasi ilikuwa bado mchana kama hapa. "Weye pia ulitesekaka."

Nilitafuta picha nyingine ya kumtumia. Nimepekua simu yangu na yako. Flora hakuwa anatulia mbele ya simu, yuko kwenye picha nusu nusu, sikio, mkia, kwato. Ile kola inaonekana vizuri kwenye picha moja tu, na picha hiyo anayo. Nilijaribu kuirekodi sauti ya Papa Gust, lakini mama yako hajui Kifaransa cha Mflamandi, na hata angekijua, kwa nini amwamini Mbelgiji? Ukweli ninao wote mkononi na haununui hata chumvi. Wewe ungeweza kumwambia kwa dakika mbili. Ulikuwa na miaka kumi na mmoja.

Samahani. Nimekukasirikia kidogo hapo, na bado sijaacha.

Tena sitaki kumlaumu. Mimi kaburi lako ninalo, nakwenda Jumapili, naondoa majani. Yeye ana lile sanduku la Likasi, na ndani yake kuna jasho lako kidogo na jasho la Flora jingi. Hilo ndilo kaburi pekee alilonalo. Nikimnyang'anya hata kwa maneno, nitamwachia nini?

Tulitafuta fundi mwingine. Yupo mmoja, milimani huko kusini, kijana, mwenye heshima. Alisema hawezi kumpima farasi mwenye kidonda, lazima bega lipone kwanza, na hata likipona ana kazi za watu mpaka majira ya majani kuanguka. Annelies alihesabu wiki kwa vidole mbele yangu. Miti ilikuwa inaanza kutoa vichipukizi. Alisema hawezi kulisha farasi aliyesimama mwaka mzima, akasema tena kwa Kiflamandi, akaenda kulilia nyuma ya banda. Hakuna hata mmoja aliyekuwa mbaya katika habari hii. Nimemtafuta mtu wa kumchukia na sijampata, isipokuwa mwanamke mmoja aliyepiga makofi ukumbini.

Lori lilikuja jana.

Mchuuzi ni mtu wa adabu. Alisema labda atampatia Flora shamba la kupumzikia, na aliposema hivyo alikuwa anafunga kamba ya kiatu. Papa Gust alimtoa Flora bandani, akatembea kando yake na fimbo yake, wote wawili wanachechemea. Kwenye ubao wa kupandia Flora akagoma. Unamjua akigoma. Alikita miguu minne ardhini na ukabaki kuongea na ukuta. Mchuuzi akavuta, msaidizi wake akasukuma. Papa Gust akamwambia maneno yao ya Kiflamandi. Kisha yule msaidizi akaenda kuchukua fimbo ndefu kwenye lori, na Papa Gust akanigeukia mimi. Aliniangalia tu na macho yake ya maji.

Ningeweza kuondoka. Nilifikiri kuondoka, kituo kiko dakika kumi. Lakini wangempiga, na kidonda chake kilikuwa ndio kwanza kimeshika ngozi.

Nikapanda kwenye lori mimi, nikasimama ndani, gizani, na koti lako. Nikasema, "Maman Flora." Nikainua mikono miwili juu, vile ulivyokuwa ukifanya, haina kitu.

Akanitazama. Akasogea hatua moja, ubao ukalia. Akasogea nyingine. Akainamisha kichwa chake, akakiingiza katikati ya mikono yangu, akasukuma, akasukuma tena, akitafuta mahali kola inapokaa. Kisha akasimama akangoja aambiwe aende kazini.

Nilibaki nimemshika shingo mpaka mchuuzi aliponiambia nishuke kupitia mlango mdogo wa mbele. Hakulia, hakugonga. Alinyamaza kwa sababu aliniamini.

Sasa hivi ni asubuhi na nimekwisha pika chai kwa watu wawili, sijaacha tabia hiyo. Zamu yangu kwenye nyumba ya wazee huko Woluwe inaanza saa nane mchana, nitawanawisha, nitawavalisha sweta, nitainua mikono yao mmoja mmoja, na sijui nitaifanyaje kazi hiyo leo. Palonnier nimeirudisha kwenye kave. Minyororo iko Likasi pamoja na kola. Kamba ya hatamu Papa Gust amenipa, nimeitundika mlangoni juu ya kile kiti.

Usiniulize huko uliko kama nilikosea. Ninajua nilikosea, ila sijui ni hatua ipi ningeirudisha nyuma. Nikikufikia nitakueleza vizuri, na wewe utamweleza mama yako. Kama Flora atatangulia kufika, na naogopa amekwisha tangulia, mwinulie mikono.

Lala salama, mume wangu.

Mkeo aliyebaki, wa miguu miwili,
Maman Mireille